Nyasi ya Vidole Katika Ukoka: Namna ya Kuiondoa Bila Kuudhuru Ukoka Wenyewe

Karatasi hii imeandikwa kwa wakulima wa Chikongola na jirani zao wote wa pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hata mlango wa mto Ruvuma.



Yamekwisha kusemwa mengi juu ya magugu ya shambani, lakini machache juu ya magugu yaotayo mlangoni pa nyumba. Mtu hupalilia karanga zake mara mbili kwa bidii, kisha jioni akirudi kwake hukanyaga, mbele ya kizingiti chake mwenyewe, gugu lile lile alilolikata asubuhi, nalo limekwisha kuzaa. Mbegu hushikamana na miguu yake, na jembe lake, na kwato za mbuzi wake, na kesho yake hurudi nazo shambani. Gugu hilo ndilo tutakalolieleza hapa. Wataalamu huliita Digitaria, neno lililotokana na Kilatini kwa maana ya kidole, kwa sababu mashuke yake hukaa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Kwa kuwa kila kijiji kina jina lake, sisi katika karatasi hii tutaliita nyasi ya vidole.

1. Faida ya ukoka

Wako watu wanaodhani ya kuwa ukoka ni pambo tu, na ya kwamba mkulima hana haja nao. Mawazo hayo si sawa. Ardhi yetu ya Chikongola na ya pwani iliyo jirani ni ya kichanga. Maji huipenya upesi, na yakija kwa nguvu huichukua upesi vile vile. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, na katika miezi hiyo michache hunyesha karibu mvua yote ya mwaka, ambayo ni kama milimita 1,000. Maji yamwagikayo kutoka katika paa la bati huchimba mfereji chini ya ukuta, na baada ya miaka michache msingi huonekana kama meno yaliyotoka katika ufizi. Njia ya kwenda kisimani huwa korongo. Mchanga wa uwanja wa shule huhamia bondeni, na watoto hubaki wakicheza juu ya mizizi ya miembe.

Ukoka huzuia mambo hayo yote, maana hushika mchanga kwa mizizi yake na kuyapunguza maji nguvu kwa majani yake. Wala hatusemi kwamba uwanja wote wa nyumba uwe ukoka. Desturi yetu ya kufagia mahali palipo karibu na mlango ni njema, kwa kuwa nyoka huonekana mapema, na mama hupata mahali pa kuanikia mihogo na mtama. Lakini pale matone ya paa yanapoangukia, na penye mteremko, na kando ya njia, na katika viwanja vya shule na vya michezo, pafaa pawe na ukoka.

Sasa fikiri hasara iletwayo na nyasi ya vidole. Katika miezi ya mvua hutanda haraka na kufunika ardhi, hata mwenye nyumba husema, “Uwanja wangu ni wa kijani, nataka nini tena?” Lakini nyasi hii ni mlinzi anayetoroka. Mvua zikomapo hukauka na kufa. Upepo wa kusi huvuma juu ya ardhi tupu, na mvua za kwanza za mwaka ufuatao, ambazo mara nyingi ni kali, huikuta ardhi hiyo haina kitu cha kuikinga. Nao ukoka, ambao ungalikuwapo mwaka mzima, umekwisha kusongwa na kudhoofika. Hiyo ndiyo sababu ya kuipiga vita nyasi hii hata ikiwa mbichi na yapendeza macho.

2. Namna ya kuitambua

Jambo la kwanza ni kumjua adui, kwa maana wengi wameng'oa ukoka wakaacha gugu. Kosa hilo ni rahisi kufanyika, kwa kuwa ukoka mwembamba, uitwao na wataalamu Cynodon dactylon, nao una mashuke kama vidole. Tazama basi tofauti hizi:

Ukoka mwembamba una majani membamba, ya kijani iliyokoza kidogo, na vitawi vigumu kama uzi vinavyotambaa juu ya ardhi. Ukiuchimba utaona vitawi vingine vyeupe chini ya ardhi. Mashuke yake ni mafupi, nayo yote huanzia mahali pamoja.

Nyasi ya vidole ina majani mapana zaidi, laini, ya kijani iliyofifia, na mara nyingi yana vinyweleo. Shina lake karibu na ardhi huwa na rangi ya zambarau. Mashuke yake ni marefu, tena hayaanzii yote mahali pamoja kabisa. Moja au mawili huota chini kidogo ya mengine. Ukiing'oa utapata kishada cha mizizi myembamba, lakini hutaona kitawi chochote kinachopita chini ya ardhi.

Uko pia ukoka mpana, Stenotaphrum dimidiatum, unaojulikana kwa watunza bustani wa pwani ya Afrika ya Mashariki kwa jina la Pemba. Majani yake ni mapana, manene, na ncha zake ni butu. Shuke lake ni moja tu, nene, bila vidole. Huo hauwezi kumdanganya mtu akiutazama vema.

Kuna magugu mengine mawili yanayofanana na nyasi ya vidole na kuota pamoja nayo. La kwanza ni Eleusine indica, ndugu wa ulezi, ambalo shina lake ni bapa na jeupe karibu na ardhi, na kung'oka kwake ni kwa shida. La pili ni Dactyloctenium aegyptium, ambalo mashuke yake ni mafupi na manene, yaliyotandazwa kama unyayo wa kunguru. Haya yote mawili huondolewa kwa njia zile zile tutakazozieleza hapa.

Lakini ndago si nyasi, wala dawa yake si hii. Shina la ndago lina pembe tatu, nalo lina viazi vidogo chini ya ardhi. Ukivuta majani, viazi hubaki na kuchipua tena. Kadhalika sangari ya nchi za juu, ingawa ni ya ukoo mmoja na nyasi ya vidole, ina vitawi virefu vipitavyo chini ya ardhi, na mkulima aliyehama kutoka huko asidhani kwamba mambo aliyoyaona kule ndiyo yatakayokuwa huku.

3. Maisha yake na udhaifu wake

Ukoka ni mmea wa kudumu. Wakati wa kiangazi majani yake hukauka, lakini vitawi vyake hubaki na uhai, na mvua zikirudi huchipua. Nyasi ya vidole haina akiba ya namna hiyo. Huota kwa mbegu, huzaa, na kufa katika msimu mmoja. Tumaini lake lote la mwaka ujao limo katika mbegu zake. Basi mtu akiizuia isizae, na mbegu zilizomo ardhini zikaisha, gugu limekwisha.

Kuzaa kwake, hata hivyo, si kudogo. Mmea mmoja uliopata nafasi pasipo kubanwa na mwingine waweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000. Mbegu zikianguka hulala kwanza. Nyingi haziwezi kuota mara moja, bali hungoja miezi ya kiangazi ipite. Kwa hiyo huvuka ukame salama, na mvua njema ya kwanza ikinyesha juu ya ardhi yenye joto huamka kwa wingi. Tena si zote huamka mwaka mmoja. Nyingine hukaa ardhini miaka 3 au zaidi. Kwa sababu hiyo mtu aliyefanya kazi mwaka mmoja akaona nyasi imerudi asikate tamaa, maana hao ni watoto wa miaka ya nyuma.

Mbegu hizi zina haja mbili: ziwe karibu na uso wa ardhi, kwa maana zikifukiwa chini sana hushindwa kutokeza, na ardhi iwe wazi, ipate mwanga na joto la jua. Chini ya ukoka mnene mbegu nyingi hukosa mambo hayo. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu yote: nyasi ya vidole huja penye pengo. Mtu anayeing'oa bila kuliziba pengo anaitengenezea kitanda mbegu inayofuata.

4. Kuing'oa

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nyasi ya vidole ikiwa na majani mawili au matatu hung'oka kwa vidole viwili, na mtoto aweza kung'oa mia kabla jua halijawa kali. Ikiachwa mwezi mmoja, mashina yake hulala chini, na kila kifundo kinachogusa mchanga hutoa mizizi yake, hata mmea mmoja huwa na nanga kumi. Ukiivuta wakati huo, hung'oka pamoja na ukoka uliokuwa jirani.

Fanya hivi. Ngoja mpaka kesho yake baada ya mvua, mchanga ungali laini. Shika mmea chini kabisa, si majani yake, uvute polepole kwa kuelekea juu. Ikiwa mashina yamelala, yainue kwanza pande zote, ukikusanya mikono yake kama mtu akusanyaye nywele za kusuka, ndipo uvute katikati. Ikiwa ukoka umefungamana nayo, kanyaga ukoka kwa mguu mmoja huku ukivuta gugu. Kwa mimea migumu tumia kisu chenye ncha, ukate mizizi chini ya kitako chake. Usitumie jembe ndani ya ukoka. Jembe hukata vitawi vya ukoka, hufungua ardhi, na kuziinua juu mbegu zilizokuwa zimefukiwa. Kwa pigo moja umefanya hasara tatu.

Mmea ulioota na mvua za kwanza waweza kutoa mashuke baada ya majuma sita hadi nane. Kwa hiyo haifai kungoja Aprili. Pita mara ya kwanza majuma matatu baada ya mvua njema ya kwanza. Pita mara ya pili kabla ya juma la sita. Kisha pita tena Machi na mapema Aprili, kwa ajili ya ile iliyochelewa kuota. Uwanja mkubwa usikutishe. Ugawe kwa kamba na vijiti kuwa ngwe ndogo, hatua tano kwa tano, na kila asubuhi maliza ngwe moja kabla ya kwenda shambani. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimea michanga isiyo na mashuke yaweza kuachwa juani ikauke, ila usiiache juu ya mchanga mbichi wakati wa mvua, maana hushika mizizi tena. Iliyo na mashuke itie katika gunia pale pale unapoing'oa, wala usiikung'ute.

5. Kuziba mapengo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ile ile uliyong'oa, au kesho yake, panda ukoka mahali palipobaki wazi. Kazi hii hufaa sana Januari na Februari, wakati mvua bado zina safari ndefu. Chukua vitawi vya ukoka kutoka mahali pasipo na gugu, uvikate vipande vyenye vifundo vitatu. Tengeneza vijishimo kwa kijiti, umbali wa shibiri moja, ufukie vifundo viwili na kuacha kimoja nje pamoja na majani yake. Shindilia kwa unyayo ili mchanga ushikane na kitawi. Zuia mbuzi na watoto wasipite hapo kwa majuma matatu au manne. Mvua zikiwa njema, pengo litafungika kwa miezi miwili au mitatu. Na katika muda huo endelea kung'oa magugu yatakayochungulia kati ya vitawi.

Chagua ukoka kwa kufuata mahali. Ukoka mwembamba hupenda jua kali na huvumilia kukanyagwa, basi wafaa kwa viwanja vya mpira na njia. Lakini chini ya minazi, miembe na mikorosho hudhoofika kwa kukosa mwanga. Hapo panda ukoka mpana, ambao huvumilia kivuli, tena hauogopi chumvi ya upepo wa baharini. Watu wengi hushindwa kwa kupanda mwembamba penye kivuli. Huuona ukififia kila mwaka, wakadhani ardhi ina laana.

Tena angalia unakotoa vitawi. Ukichukua pandikizi lenye udongo kutoka katika uwanja uliojaa nyasi ya vidole, umenunua gugu kwa fedha yako. Kung'uta udongo wote, na chambua kitawi kimoja kimoja.

6. Kukata ukoka

Wengi hukata ukoka hata ardhi ikaonekana, wakitumaini kupumzika siku nyingi kabla ya kukata tena. Kwa kufanya hivyo huufungulia mlango mgeni wasiyempenda. Ukoka uliokatwa chini mno hauna majani ya kutosha kujilisha, wala hautii ardhi kivuli, na mbegu za gugu hupata jua zinalolitaka.

Ukoka mwembamba uachwe na urefu wa sentimita 4 hadi 5, na ukoka mpana sentimita 7 hadi 8. Tena kwa mara moja usikate zaidi ya thuluthi moja ya urefu wake. Ni afadhali kukata mara nyingi kidogo kidogo. Fyekeo liwe na makali, maana lililo butu hung'oa vitawi. Katika shule zetu, ambako watoto hufyeka kwa zamu, yafaa mwalimu mmoja apewe kazi ya kuangalia kimo, la sivyo kila mtoto hushindana na mwenzake ni nani atakayefyeka karibu zaidi na ardhi.

Wala usitumaini kwamba kufyeka peke yake kutaimaliza nyasi ya vidole. Ikifyekwa hujilaza, ikatoa mashuke mafupi chini ya makali ya fyekeo, na kuzaa pale pale. Kukata kwa kimo kizuri huupa ukoka nguvu; kuliondoa gugu ni kazi ya mkono.

7. Maji na mbolea

Wachache wenye maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi wafuate kanuni hii: mwagilia mara chache, na kila mara maji yaingie ndani. Kumwaga maji kidogo kila jioni hulowanisha uso wa mchanga tu, na mahali hapo ndipo zilalapo mbegu za gugu. Ilhali mizizi ya ukoka, iliyo chini zaidi, hubaki na kiu. Asiye na maji asihuzunike. Ukoka uliostawi vema wakati wa mvua huweza kuvuka kiangazi chetu ukiwa umekauka majani, ukafufuka Desemba.

Mbolea na iwe samadi au mboji iliyooza kabisa, ikapekechwa na kunyunyizwa nyembamba mwezi wa Januari, ukoka ukiwa mbioni kukua. Samadi mbichi ni hatari. Mbuzi na ng'ombe hupenda nyasi ya vidole, nayo ni chakula chema kwao ikiwa changa; lakini wakila yenye mashuke, baadhi ya mbegu hupita tumboni bila kufa. Rundo la mboji liwe kubwa, lenye unyevu, na ligeuzwe mara kwa mara. Ndani yake likipata joto la nyuzi 55 au 60 za sentigredi kwa siku kadhaa, hata mtu asiweze kuuacha mkono wake humo, mbegu nyingi hufa.

8. Mambo yasiyofaa

Moto. Kuuchoma uwanja mwezi wa Oktoba kwaonekana kama kuusafisha, lakini moto huua vitawi vya ukoka vilivyo juu ya ardhi, na mbegu zilizofunikwa na mchanga kidogo hupona. Mvua zijapo, gugu huwa la kwanza kuchipuka, na ukoka haupo wa kulizuia.

Chumvi na maji ya bahari. Ni kweli chumvi hukausha majani ya gugu, lakini hukausha na ukoka mwembamba uliopandwa karibuni, na ikizidi huiharibu ardhi yenyewe, isikubali kitu mpaka mvua nyingi zimeiosha.

Mafuta ya taa, mafuta machafu ya magari, na maji ya betri. Vitu hivi huua kila kitu, navyo huingia katika visima. Mtu asivitumie hata kidogo.

Salfa ya mikorosho. Hii twaijua sote kwa ajili ya ubwiriunga. Haina nguvu ya kuua nyasi, basi kuimwaga uwanjani ni kupoteza mali.

9. Juu ya dawa za kuua magugu

Watu huuliza kama hakuna dawa ya dukani itakayoifanya kazi hii. Ziko, lakini zataka akili, maana gugu letu ni nyasi na ukoka nao ni nyasi, na dawa isiyoweza kuwatofautisha itawaua wote wawili.

Dawa iitwayo 2,4-D, iliyoanza kuuzwa baada ya Vita Kuu ya pili, katika miaka ya 1940, huua mimea ya majani mapana, lakini nyasi huziacha. Kwa hiyo haitaigusa nyasi ya vidole. Glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huua karibu kila jani la kijani. Ukiinyunyiza juu ya uwanja utabaki na ardhi tupu, yaani na pengo lile lile lipendwalo na gugu. Kwinkloraki huweza kuiua nyasi ya vidole ndani ya ukoka mwembamba, ila huudhuru ukoka wa jamii ya Stenotaphrum. Basi mwenye ukoka mpana asiiguse. Pendimethalini hutiwa kabla mvua hazijaanza, ili mbegu zisiote. Lakini huzuia pia mizizi ya vitawi vipya, kwa hiyo haifai mahali unapokusudia kupanda ukoka msimu huo.

Wengine wamesikia habari za chakula cha mahindi kizuiacho magugu. Habari hiyo ina asili yake. Mwaka 1991 Nick Christians wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi kwa kutumia gluteni ya mahindi kuzuia mbegu zinazoota zisishike mizizi. Lakini gluteni hiyo hutoka katika viwanda vya wanga, nayo si pumba ya mashine zetu za kusaga. Pumba mpe kuku.

Kwa mkulima mwenye uwanja mdogo, mkono ni nafuu na salama kuliko dawa zote hizo. Ikiwa uwanja ni mkubwa na umeamua kutumia dawa, nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, soma maandishi ya chupa yote, usizidishe kipimo, watoto na kuku wakae mbali, na chupa tupu isiwe ya kutilia maji wala mafuta ya kula.

10. Kuzuia mbegu zisiende shambani

Tumesema hapo mwanzo kwamba gugu la uwanjani ni gugu la shambani. Katika karanga hatari yake ni kubwa. Majuma sita ya kwanza baada ya kupanda ndiyo yanayoamua mavuno, na karanga zikisongwa wakati huo hazitarudi katika hali yake. Kisha, maua yakisha kuteremsha vijiti vyao ardhini, jembe halifai tena, kwa sababu hukata vijiti vinavyobeba karanga changa. Gugu lililobaki lazima ling'olewe kwa mkono. Kwa hiyo kila mbegu iliyozuiliwa uwanjani ni kazi iliyopunguzwa shambani, tena katika siku zile ambazo mkulima ana shughuli nyingi kupita zote.

Mwenye mahindi ana sababu nyingine. Ugonjwa wa milia ya mahindi huenezwa na wadudu wadogo warukao, wa jamii ya Cicadulina. Jambo hili lilielezwa katika miaka ya 1920 na H. H. Storey, mtaalamu ambaye baadaye alifanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara. Wadudu hao hukaa na kuzaa katika nyasi za mwituni, na jamii ya nyasi ya vidole ni mojawapo. Uwanja uliojaa nyasi hiyo kando ya mahindi ni nyumba ya wageni kwa adui wa mahindi.

Basi osha jembe kabla ya kulitoa shambani na kabla ya kulipeleka. Usifunge mbuzi juu ya nyasi yenye mashuke kisha ukawapitisha katika mpunga. Usitupe takataka za uwanja kando ya konde.

11. Kalenda ya kazi

Oktoba na Novemba: Tazama mahali palipo wazi, upatie alama ya vijiti. Usichome moto. Noa fyekeo.

Desemba: Mvua njema ya kwanza ikinyesha, hesabu majuma matatu, kisha ng'oa miche yote michanga.

Januari na Februari: Ng'oa mara ya pili kabla mashuke hayajatoka. Panda ukoka katika mapengo. Nyunyiza mboji iliyooza. Kata kwa kimo kilichosemwa.

Machi na Aprili: Tafuta iliyochelewa. Yenye mashuke iende katika gunia.

Mei hata Septemba: Nyasi ya vidole imekufa, lakini kazi haijaisha. Mahali palipobaki patupu sasa ndipo ilipokuwa imejificha chini ya ukijani wa mvua. Pakumbuke, maana ndipo utakapoanzia kazi Desemba.

Fanya hivi miaka 3 mfululizo. Mwaka wa kwanza utachoka, na huenda jirani akakucheka. Mwaka wa pili utaona magugu yamepungua. Mwaka wa tatu kazi itakuwa ya asubuhi chache tu, na mchanga wako utakuwa ungali pale pale ulipouacha, chini ya ukuta wako.

Aliye na shaka juu ya nyasi aliyo nayo asiing'oe bado. Achimbe mmea mmoja mzima, pamoja na mizizi na mashuke, aukunje katika karatasi, aupeleke kwa bwana shamba wa kata yake, au kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho hakiko mbali na mji wetu wa Mtwara. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuung'oa ukoka wa jirani kwa kudhani ni gugu.